Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu mitazamo ya watu (anajibu mdadisi wa Mtwara)

Toka nianze kupita vijijini na dodoso naulizwa maswali yaleyale, stendi, msibani, kwenye grupu la wasap la ukoo, juzi hata fundi aliyekuja kuchomelea geti kaacha kazi kaniuliza. Basi nimeyakusanya hapa. Siku nyingine natuma tu linki.

Kwani wewe kazi yako ni ipi hasa?

Mdadisi. Yaani nalipwa kwa siku kuzunguka na kishikwambi nikiuliza watu wanaonaje mambo, jirani wa dini nyingine, chanjo, mtoto wa kike kusoma mbali, vitu kama hivyo. Saikolojia nilisoma chuoni lakini kiukweli mengi nimeyaelewa nikiwa juu ya bodaboda kati ya Tandahimba na Newala, vumbi mpaka kwenye meno.

Mtazamo ni nini? Si ni maoni tu?

Maoni ni kile unachosema. Mtazamo ni ule mwelekeo wa moyo, unakipenda kitu au hukipendi, unakiona kizuri au kibaya, hata kabla hujafungua mdomo. Mwaka 1928 Thurstone wa Marekani aliandika kwamba kitu hicho kinaweza kupimwa, na 1932 Rensis Likert akaleta ile ngazi ya majibu ambayo kila aliyewahi kutembelewa na mtu kama mimi anaijua: nakubali sana, nakubali, sina upande, sikubali, sikubali kabisa. Ngazi hiyo ndo inanilisha.

Kama mnataka kujua mtu anawaza nini si mumuulize tu, mbona mnazunguka sana?

Hapa nikae kidogo maana ndo penye utamu.

Kijiji kimoja cha Tandahimba nilimkuta bibi anabangua korosho kienyeji, kakaa chini, vidole kavipaka majivu ili mafuta ya ganda yasimchubue. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikaanza. Mtu wa kutoka mbali akihamia jirani yako? "Nakubali sana." Akimuoa mjukuu wako? "Nakubali sana, mjukuu wangu." Likaja swali ambalo tumeliweka makusudi kinyume na la kwanza, kwamba wageni wakae mbali na kijiji, bibi bila kunyanyua macho: "Nakubali sana." Hiyo ni kawaida, watafiti wanaijua miaka mingi, watu wengi huwa wanaitikia tu, hasa anayeuliza akionekana kasoma au katumwa na serikali, ndo maana maswali ya kinyume yanachomekwa humo katikati ili kuwanasa.

Nimezima kishikwambi, bibi sasa ndo anaanza maongezi. Ananiambia hao watu wa bara yeye hawataki hata kuwasikia, binti yake aliolewa huko mwaka wa ngapi sijui na kurudi harudi. Katikati ya maneno hayo akatokea kijana anauza vyombo kwa baiskeli, lafudhi ya bara kabisa, hakuna ubishi. Bibi akamsogezea kigoda, akamwita mkwe, akamchotea uji.

Haya niambie, mtazamo wa bibi ni upi? Alioniambia kwenye dodoso, alioniambia pembeni, au ule wa kigoda?

Jambo hili lilimsumbua Richard LaPiere karibu miaka 100 iliyopita. Kati ya 1930 na 1932 alizunguka Marekani kwa gari na mke na mume Wachina, wakati ambao chuki dhidi ya Wachina ilikuwa wazi. Waliingia sehemu 251, hoteli za kulala na migahawa. Wakakataliwa mara moja tu. Miezi kadhaa baadaye akawaandikia barua wenye sehemu hizo, mtapokea wateja Wachina? Waliojibu walikuwa 128, na zaidi ya asilimia 90 walisema hapana. Mdomo unasema hapana, mlango umeshafunguliwa. Utafiti una mashimo yake, aliyejibu barua huenda siye aliyewapokea mlangoni, na LaPiere mwenyewe Mzungu alikuwa nao muda mwingi. Lakini toka ulipotoka 1934 hakuna mtafiti mwenye akili anayeandika "watu wanapenda hiki" kwa sababu tu wamesema.

Kwa hiyo watu ni waongo na kazi yako haina maana?

Hapana bwana. Bibi hakunidanganya hata mara moja. Kwanza mgeni unamjibu kistaarabu, huo si uongo ni malezi. Pili swali lenyewe mara nyingi ndo lina kasoro, tunauliza kitu kipana afu tunashangaa mtu akitenda jambo dogo tofauti. Fishbein na Ajzen walilisema hili vizuri miaka ya 70, ukitaka kujua mtu atafanya nini uliza kuhusu jambo hilohilo, mahali hapohapo, siku hiyohiyo. Na 1991 Ajzen akaweka mambo matatu mezani: mtu mwenyewe anakionaje kitu, watu anaowaheshimu wanatarajia afanye nini, na je, anaona uwezo anao?

Chukua salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho. Nenda Newala yote hutampata mkulima wa kukwambia kupulizia salfa ni jambo baya. Sasa pita shambani msimu wenyewe. Yupo ambaye hela imeishia ada, yupo aliyekuwa anasubiri bomba la kukodi halijafika, yupo ambaye shemeji yake anasimamia shamba na ana utaratibu wake. Mtazamo wote ni mmoja, mashamba tofauti kabisa. Wataalamu wa kilimo wakiona hivyo wanasema "elimu itolewe", mi huwa nanyamaza tu.

Mitazamo inatoka wapi, tunazaliwa nayo?

Kidogo kuna urithi, tafiti za mapacha zinaonyesha hivyo, ila sehemu kubwa tunaiokota njiani.

Njia moja ni ya kijinga kabisa, kukiona kitu mara nyingi. Robert Zajonc, 1968, aliwaonyesha watu maneno ya kubuni na alama zinazofanana na maandishi ya Kichina, vingine mara moja vingine mara 25, wakavipenda zaidi walivyoviona zaidi, bila kujua maana. Mgeni akija Mtwara ukimpa ming'oko, vile viazi vya porini, siku ya kwanza anatafuna kwa heshima tu. Mwezi wa pili unamkuta stendi anachagua mwenyewe. Ila angalia, kitu ambacho mtu kakichukia toka mwanzo ukizidi kumwonyesha unaweza kuharibu zaidi, kwa hiyo habari ya samaki nchanga usimlazimishe mtu (wasiojua waulize wenyeji, mimi sisemi).

Njia nyingine ni watu unaokaa nao ukiwa kijana. Theodore Newcomb aliwafuatilia wasichana wa chuo cha Bennington, Marekani, miaka ya 1930, watoto wa matajiri wa kihafidhina walioingia chuo chenye walimu wa mrengo mwingine. Wengi wakabadilika. Kilichonishangaza ni kwamba alipowarudia miaka ya 1960 wengi walikuwa bado vilevile walivyotoka chuoni, na sababu kubwa haikuwa hoja walizosoma, ni kwamba walijichagulia marafiki na waume wanaofanana nao. Msimamo unaushika ila na wenyewe unashikwa na watu waliokuzunguka. Ukimuuliza mtu kwa nini ni shabiki wa Simba au Yanga atakupa sababu 20, afu muulize baba yake ni timu gani.

Jando na unyago vinaingiaje hapo?

Kuna jaribio la Aronson na Mills la 1959 ambalo nikilisimulia huku kila mzee anatikisa kichwa. Wasichana walitaka kujiunga na kikundi cha mazungumzo. Wengine wakapitishwa kwenye mtihani wa aibu, wasome kwa sauti maneno mazito mbele ya mwanaume, wengine mtihani mwepesi, wengine hakuna. Afu wote wakasikilizishwa mazungumzo ya kikundi, na yalitengenezwa makusudi yachoshe. Waliopita kwenye aibu kubwa ndo waliosema kikundi ni kizuri. Akili haipendi kukubali kwamba niliteseka bure, kwa hiyo inapandisha thamani ya kile ilichoteseka nacho. Hiyo ni familia moja na ile nadharia ya Leon Festinger ya 1957 ya mgongano wa ndani, na lile jaribio lake na Carlsmith la 1959 ambapo waliolipwa dola 1 kudanganya kwamba kazi ya kuchosha ilikuwa tamu waliishia kuiamini kuliko waliolipwa dola 20. Wa dola 20 anajua kadanganya kwa ajili ya hela, kamaliza. Wa dola 1 hana kisingizio, basi inabidi kazi iwe ilikuwa tamu kweli.

Sasa mimi sisemi jando ni jaribio. Kule kuna mafunzo, nyimbo, ukoo, heshima. Nasema tu kwamba ukiona mtu anailinda mila iliyomuumiza kuliko anavyolinda iliyompa raha, usimwone punguani.

Kufuata mkumbo je, ni tatizo letu Waafrika?

Ni la wote. Solomon Asch miaka ya 1950 aliwaweka wanafunzi wa Marekani kwenye chumba na watu aliowapanga, kazi ni kusema mstari upi unalingana na upi, jambo ambalo mtu peke yake hakosei. Wale wa kupangwa wakitaja jibu la uongo kwa sauti moja, kwenye karibu theluthi moja ya majibu mhusika akawafuata, na watatu kati ya wanne walifuata angalau mara moja. Ila akipatikana hata mmoja tu wa kusema ukweli, mkumbo unapungua kwa kiasi kikubwa sana.

Nendeni mnada wa korosho mkaone. Bei inasomwa, mtu anauliza wakulima tuuze tusiuze, uwanja unalipuka tuuzeee. Mzee pembeni yangu mkono uko juu, ananinong'oneza "bei hii si bei mwanangu". Mkono bado uko juu.

Mbona nikimpa mtu ushahidi ndo kwanza anakaza?

Lord, Ross na Lepper, 1979, waliwapa wanafunzi wanaounga mkono adhabu ya kifo na wanaoipinga tafiti zilezile mbili, moja ya kuunga moja ya kupinga. Kila upande ukaona utafiti wa upande wake ni mzuri na wa pili una makosa, na mwisho wakasema wamezidi kuamini walichokuwa wanaamini. Tunausoma ushahidi kama refa wa mtaani anayechezesha timu ya mdogo wake.

Ila msikate tamaa kupita kiasi. Miaka ya 2010 ilienea hadithi kwamba ukimsahihisha mtu ndo unamharibu zaidi, anarudi nyuma kabisa. Wood na Porter wakaja kupima kwa mada 52 na watu zaidi ya 10,000, matokeo yakatoka 2019, na kurudi nyuma huko karibu hawakukuona. Watu wengi ukiwapa taarifa sahihi taarifa inaingia. Kinachogoma kusogea ni upande wanaoshabikia, na hivyo ni vitu viwili.

Kukaa pamoja kunaondoa chuki? Mbona majirani wanachukiana?

Gordon Allport, 1954, alisema kukutana peke yake hakutoshi, watu wawe na hadhi sawa, wawe na lengo moja, walifanyie kazi pamoja, na wakubwa wabariki. Baadaye Pettigrew na Tropp wakakusanya tafiti 515 (hiyo ni 2006) wakaona kwa ujumla kukutana kunapunguza chuki, hata masharti yote yasipotimia, ila yakitimia inakuwa bora.

Ninayoipenda ni ya Muzafer Sherif, mwaka huohuo wa 1954, kambi ya watoto wa kiume 22 huko Oklahoma. Aliwagawa makundi mawili, akawashindanisha, siku chache tu wanachomeana bendera. Akawakalisha pamoja wapate chakula, wakarushiana hichohicho chakula. Kilichowapatanisha ni shida: maji yalikatika kambini ikabidi watafute wote, gari likagoma ikabidi walivute kwa kamba, na ilikuwa kamba ileile waliyokuwa wanavutana nayo kwenye mashindano. Aliyewahi kushuka kwenye basi kusukuma kwenye tope msimu wa masika anajua, mkishatoka hapo mnagawana hata maji ya kunywa na mtu mliyekuwa mnagombania naye siti.

Sasa shida yake. Salma Mousa alipeleka hili Iraq, timu za mpira za Wakristo waliokimbia vita, nyingine zikaongezewa wachezaji Waislamu, utafiti ukatoka 2020. Ndani ya ligi mambo yakawa mazuri, wanafanya mazoezi pamoja, wanataka timu mchanganyiko msimu unaofuata. Nje ya uwanja, na Waislamu wasiowajua, mabadiliko hayakuwa makubwa. Nigeria, Kaduna, Scacco na Warren (2018) waliwachanganya vijana wa dini mbili kwenye mafunzo ya kompyuta wiki 16: chuki ya moyoni haikupungua, lakini waliochanganywa walibagua kidogo kuliko waliosoma na wenzao watupu. Moyo palepale, mkono umebadilika. Kwa hiyo nyie mnaoandaa ndondo za amani endeleeni, ila msitegemee timu ya Shangani ikicheza na ya Mikindani basi mji mzima umepona.

Huku kwetu mbona makabila hayachukiani? Ni utani?

Utani unasaidia, unampa mtu ruhusa ya kusema upuuzi wote bila ngumi. Lakini siasa ina mkono mkubwa. Edward Miguel, 2004, alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya kwetu. Busia vijiji vyenye makabila mengi vilichangia kidogo shule zao, Meatu mchanganyiko haukuleta tatizo hilo, na yeye aliona sababu ni jinsi Tanzania ilivyojenga taifa, Kiswahili na mtaala wa shule vikiwemo. Mwaka huohuo Daniel Posner alienda mpaka wa Malawi na Zambia kwa Wachewa na Watumbuka. Makabila yaleyale, utamaduni uleule. Zambia wanaoana hawana neno, Malawi wanaangaliana kwa jicho la pembeni. Tofauti ni kwamba Malawi ni makundi makubwa yanayotosha kugombania madaraka, Zambia ni madogo mno wanahitajiana. Mtu wa huku akisikia hivyo anafikiria Wamakonde wa pande mbili za Ruvuma, na mimi pia.

Ila tusijisifu sana. Dar wanasema machinga wakimaanisha muuza bidhaa barabarani, wangapi wanajua Machinga ni mahali na ni watu wa huku Lindi? Jina la watu limegeuka kazi, na maneno kwamba mtu wa Kusini yuko hivi na vile yanatembea humohumo.

Tamthilia za redio zinabadilisha watu au ni burudani tu?

Wakubwa wanaikumbuka Twende na Wakati ya Redio Tanzania, ilianza 1993, dereva wa lori Mkwaju na tabia zake mpaka ukimwi. Ilipimwa vizuri kwa sababu Dodoma haikurushwa mpaka 1995, kwa hiyo watafiti, Everett Rogers na wenzake, walikuwa na pa kulinganisha. Penye matangazo uzazi wa mpango ulipanda zaidi, na mke na mume walianza kuongea. Dodoma nayo ilipopata matangazo ikasogea.

Rwanda ni kali zaidi. Elizabeth Paluck (2009) alisikilizisha vikundi tamthilia ya maridhiano mwaka mzima, vingine vikapewa ya afya. Imani za moyoni karibu hazikutikisika. Kilichobadilika ni watu walivyodhani wenzao wanachukuliaje mambo, na walivyotenda. Mwisho wakapewa redio na kaseti za kugawana: vikundi vya afya vikaona zikabidhiwe kiongozi azitunze, vya maridhiano vikabishana, vikapanga wenyewe namna ya kuzitumia pamoja. Mimi nikiulizwa utafiti mmoja tu wa kuusoma nataja huo.

Majaribio ya Wazungu yanatuhusu nini?

Swali zuri na wao wenyewe wanajiuliza. 2010 Henrich na wenzake walionyesha karibu asilimia 96 ya washiriki wa tafiti hizi wametoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu duniani, tena wengi ni wanafunzi wa chuo. Mstari wa Asch ulipopelekwa kwa wakulima Watemne wa Sierra Leone na John Berry (1967) walifuata wenzao zaidi kuliko wawindaji wa Baffin huko Kanada. Kwa hiyo mwelekeo upo kote, kiasi ndo kinatofautiana. Ndo maana nataka tafiti za Kusini zifanywe na watu wa Kusini, wanaojua kwamba bibi akisema "nakubali sana" huenda anamaanisha karibu mgeni.

Ile programu ya kompyuta inayopima chuki iliyofichika ni kweli?

Ipo toka 1998, Greenwald na wenzake, inapima kasi ya kuoanisha maneno na picha. Kwa kundi kubwa inasema kitu. Kwa mtu mmoja usiitumie, ukirudia kesho alama zinaweza kuwa nyingine.

Nimbadilisheje baba mkwe anayekataa binti asome mbali?

Usianze na hotuba. Petty na Cacioppo walionyesha kwamba hoja nzito inamwingia mtu anayejali na mwenye nafasi ya kufikiri, siyo wakati anahesabu magunia ya korosho. Tafuta mzee mwenzake anayemheshimu ambaye binti yake kasoma mbali akarudi, wakutane, wewe kaa pembeni. Na akikubali kitu kidogo mbele za watu mwache akimiliki, usimwambie umeniona nilivyokwambia.

Bibi wa Tandahimba mwishowe ulimwandikia jibu gani?

Nakubali sana, kwenye maswali yote. Kishikwambi hakina sehemu ya kuandika kigoda na uji.